Siku ya Tatu Mpe Jembe: Uhakiki wa Neno "Kujitegemea" katika Makazi ya Nakivale

Utangulizi

Methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema. Jibu la mtihani linajulikana: methali hii inahimiza kazi na inakemea uvivu. Mwanafunzi akiandika hivyo hupewa alama zake, nasi tunaendelea na methali inayofuata. Katika makala haya tunakusudia kusimama kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu hapa kwetu magharibi mwa Uganda methali hii imetoka darasani na kuwa jambo la kila siku. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mgeni hupewa kipande cha ardhi, na baadaye huambiwa ajitegemee.

Hatukusudii kujadili uchumi kama wachumi. Hata hivyo, sera za uchumi huandikwa kwa maneno, na maneno ndilo shamba letu sisi walimu wa lugha. Sera zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa wakimbizi wengi wa Nakivale ujumbe wake hufika kwa Kiswahili, na neno linalobeba mzigo mkubwa ni hilo la "kujitegemea". Tunaliuliza neno hili maswali matatu ambayo tungeiuliza sentensi yoyote: nani anatenda, anatenda kwa zana gani, na nani ameamua kwamba wakati wa kutenda umefika?

Mahali penyewe

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania. Ni kati ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kupokea Wanyarwanda, na tangu hapo kila msukosuko wa eneo la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika umeleta watu wake. Leo wakazi wake ni zaidi ya laki moja. Wakongomani ndio wengi, nao wanaishi pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo.

Kwa lugha ya serikali, Nakivale ni makazi, si kambi. Hakuna ua unaoizunguka, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea nchini. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida neno linalosikika ni "kambi", na wazungumzaji wa Kinyarwanda husema "inkambi". Hatudhani kwamba wasemaji hawa wamekosea. Neno "makazi" linaeleza sheria inavyosema, na neno "kambi" linaeleza jinsi anayekaa humo anavyoyaona maisha yake. Mhakiki anapaswa kusikiliza yote mawili.

Tukumbuke pia kwamba Nakivale ni mahali pa Kiswahili. Mkongomani wa Kivu, Mrundi na Msomali aliyepitia Kenya hukutana sokoni kwa lugha hii. Wakati sisi Mbarara tunahangaika kumshawishi mwanafunzi kwamba Kiswahili kina manufaa, katika wilaya jirani watu wananunulia na kuuzia mahindi kwa Kiswahili.

Neno lilikotoka

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno "kujitegemea" lina ukoo wake. Mwaka 1962, katika maelezo yake kuhusu Ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali ya mgeni na jembe kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Miaka mitano baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliunganisha ujamaa na kujitegemea, na Machi mwaka huohuo ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Azimio lilidai kwamba nchi maskini haiwezi kuifanya fedha ya kigeni kuwa msingi wa maendeleo yake. Misingi iliyotajwa ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Aidha, kujitegemea kulipangwa kama ngazi: mtu mmoja mmoja, nyumba kumi, wilaya, mkoa, hadi taifa zima. Aliyetakiwa kujitegemea wa mwisho na mkubwa kuliko wote alikuwa taifa lenyewe, yaani yule aliyekuwa na uwezo wa kupanga, kugawa ardhi, kupanga bei na kukataa mkopo.

Hatusemi kwamba katika nchi yake ya kuzaliwa neno hili lilibaki safi. Mwaka 1973 kuishi katika vijiji kulifanywa kuwa amri, na watu wengi walihamishwa kwa nguvu. Euphrase Kezilahabi aliliona hilo mapema, na riwaya yake ya Gamba la Nyoka (1979) inaonyesha jinsi uhamisho huo ulivyowafikia wanakijiji ambao hawakuulizwa. Fundisho la kifasihi hapa ni kwamba neno zuri huanza kuharibika pale mtenda wake anapoacha kuwa mtenda na kuwa mtendwa.

Nchini Uganda neno hili liliingia katika sera ya wakimbizi kwa njia nyingine. Mwaka 1999 Ofisi ya Waziri Mkuu na shirika la UNHCR walianza kutekeleza Mkakati wa Kujitegemea katika wilaya za Moyo, Arua na Adjumani. Wazo lilikuwa kwamba mkimbizi apewe ardhi, alime chakula chake, na huduma zake za elimu na afya ziunganishwe na zile za wenyeji. Wazo hilo lilienea. Mpango wa Pili wa Maendeleo ya Taifa (2015/16 hadi 2019/20) uliyaingiza makazi ya wakimbizi katika hesabu za maendeleo, na mwaka 2017 Uganda ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kutekeleza mpango mpya wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi.

Tutazame wakati wenyewe. Tangu mwaka 1987 Uganda ilikuwa imeshika njia ya soko huria. Bei ziliachiliwa, mashirika ya umma yakauzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bodi ya kahawa ikapoteza ukiritimba wake. Hivyo, mkimbizi aliambiwa awe mkulima anayejitegemea katika miaka ileile ambayo mkulima mwenyeji alikuwa ameachwa apambane na soko peke yake. Ngazi ya mwaka 1967 ilikuwa imeondolewa vidato vyake vya juu, kikabaki kile cha chini kabisa: mtu na jembe lake.

Sarufi ya -ji-

Kiambishi -ji- huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Ajipikiaye ndiye alaye. Lakini kiambishi hiki hakisemi chochote kuhusu sufuria, kuni na unga vimetoka wapi. Hilo huachiwa muktadha, na hapo ndipo sera inapoweza kujificha.

Tulinganishe sentensi tatu:

(a) Wakimbizi wanajitegemea.
(b) Wakimbizi wajitegemee.
(c) Wakimbizi wanatakiwa wajitegemee.

Sentensi (a) inatoa habari, na inaweza kupimwa kama ni kweli au si kweli. Sentensi (b) ni agizo. Sentensi (c) ni agizo lililovaa nguo ya habari: kauli ya kutendwa katika "wanatakiwa" inamficha anayetaka. Uhakiki wetu wa kwanza ni kwamba lugha ya sera huteleza kutoka (a) hadi (c) bila kutangaza. Leo inasifu kwamba wanajitegemea, kesho inatumia sifa hiyo kueleza kwa nini mgao umepungua.

Tuangalie mfuatano wa matukio. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Mwaka 2021 mgao ulishuka tena hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa katika makundi: walioonekana kuwa na shida zaidi walibaki na asilimia 60, kundi la kati asilimia 30, na kundi la tatu halikupata kitu. Mei 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa kabisa katika orodha ya chakula. Katika kila hatua sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa ukosefu wa fedha kutoka kwa wafadhili. Kwa maneno mengine, tarehe ya kuanza kujitegemea haikupangwa kwa kutazama shamba la mkimbizi limezaa nini. Ilipangwa na bajeti za miji mikuu ya mbali. Huyu ndiye mtenda aliyefichwa na kauli ya kutendwa.

Neno "posho" linatusaidia kuliona jambo hili kwa karibu. Katika Kiswahili sanifu, posho ni mgao au malipo anayopewa mfanyakazi, askari au msafiri. Nchini Uganda neno hilohilo limekuwa jina la chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi. Mtu akisema Nakivale kwamba posho imepunguzwa, maana mbili hukutana katika neno moja: kilichopungua ofisini ndicho kilichopungua chunguni.

Jembe bila shamba

Sasa tuje kwenye zana. Methali inampa mgeni jembe kwa sababu inachukulia kwamba shamba lipo. Nakivale ilipokuwa na watu wachache, dhana hiyo ilikuwa na msingi. Kadiri watu walivyoongezeka, viwanja vilizidi kuwa vidogo. Kaskazini mwa nchi, baada ya wimbi la wakimbizi wa Sudan Kusini la mwaka 2016, kipimo kilichozoeleka kilikuwa mita 30 kwa 30. Hapo familia inaweza kujenga nyumba, kuchimba choo na kupanda mboga. Kuita hapo shamba la kujitegemea ni kulipa neno kazi lisiyoiweza.

Isingiro nayo ni wilaya ya ukanda wa wafugaji, na sehemu zake nyingi hukumbwa na ukame. Mvua ikikosekana, jembe hubaki ukutani. Mvua ikinyesha vizuri, kila mtu huvuna mahindi kwa wakati mmoja na bei huanguka. Mwenye ghala hungoja. Asiye na ghala huuza, na miezi michache baadaye hununua unga kwa bei ya juu. Wala hawezi kuweka kiwanja chake rehani ili apate mkopo, kwa kuwa amepewa haki ya kukitumia tu, si ya kukimiliki. Basi tunapomwambia mtu huyu ajitegemee, tunamtaka afanye peke yake mambo ambayo hata mkulima mwenyeji wa Isingiro, mwenye ndizi zake na ukoo wake, hayawezi bila barabara, ghala na ushirika.

Inafaa tuwe waadilifu. Ikilinganishwa na majirani, sera ya Uganda ina mengi ya kusifiwa. Katika kambi za Kigoma nchini Tanzania, nchi iliyotupa neno "kujitegemea", mkimbizi haruhusiwi kutoka bila kibali. Kenya kwa miaka mingi iliwaweka wakimbizi Dadaab na Kakuma wakiwa na ruhusa finyu ya kutoka na kufanya kazi, ingawa sheria yake ya mwaka 2021 imeanza kufungua mlango. Uganda, yenye wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, iliufungua mlango huo mapema. Tunachohakiki ni neno, na tunalihakiki kwa sababu sera nzuri inaweza kudhoofishwa na neno lisilopimwa.

Kutoka -ji- hadi -an-

Mzizi wa kitenzi "tegemea" una kauli nyingine ambayo sera huisahau: kutegemeana. Ukitaka kuona kauli hii ikitenda kazi, fuata barabara ya kati ya Nakivale na Mbarara. Mahindi na maharage hutoka Nakivale kwenda kwa wafanyabiashara wa mjini. Sabuni, mafuta, nguo na vocha za simu hutoka katika maduka ya jumla ya Mbarara kwenda kwenye vibanda vya Nakivale. Watoto wa wenyeji husoma katika shule za makazi na hutibiwa katika vituo vyake vya afya, na utaratibu wa serikali ni kwamba takriban asilimia 30 ya misaada iwafikie wenyeji.

Utafiti uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2014, uliofanyika Kampala, Nakivale na Kyangwali, ulithibitisha picha hii. Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara zilizomwajiri angalau mtu mmoja mwingine, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Mwajiri huyo hajitegemei kwa maana ya kuwa peke yake. Anamtegemea Mganda anayemwuzia na anayemfanyia kazi, na Mganda huyo anamtegemea yeye. Mgao unapokatwa Nakivale, mwenye duka la jumla Mbarara naye huona wateja wamepungua. Kiambishi -ji- hakiwezi kueleza jambo hilo, -an- kinaweza.

Kuna jambo jingine la msamiati. Serikali zetu pia hupokea fedha za nje, na katika miaka ya 2000 sehemu kubwa ya bajeti ya Uganda ilitoka kwa wafadhili. Fedha hizo ziliitwa "ushirikiano wa maendeleo". Familia ya Nakivale ikipokea kilo kadhaa za unga, hali yake huitwa "utegemezi". Kitendo ni kilekile cha kupokea. Kilichobadilika ni cheo cha mpokeaji. Mwanafunzi wa semantiki hahitaji mfano bora zaidi wa jinsi mamlaka yanavyochagua maneno.

Tunajua hoja inayoweza kutolewa dhidi yetu. Msomaji atasema kwamba msaada usiokoma huua ari ya kazi, na kwamba uhakiki wa viambishi haujazi tumbo. Hoja ya kwanza haiwagusi watu tunaowazungumzia: wakazi wa Nakivale wanalima, wanashona, wanachuuza na wanaendesha bodaboda. Kuhusu hoja ya pili, ni kweli viambishi havishibishi. Lakini sera iliyosema "kutegemeana" ingelazimika kuuliza kuhusu barabara, maghala, mikopo na bei. Sera iliyosema "kujitegemea" inaweza kuuliza tu kama mkimbizi ana bidii.

Wajibu wetu

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Baadhi ya wanafunzi wetu watafundisha Isingiro, mbele ya watoto wa Kikongomani wanaoongea Kiswahili kuliko mwalimu wao, japo si kile cha vitabu. Wengine watakuwa wakalimani katika mashirika. Kwao tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, watofautishe maneno. Anayepata chakula na kodi kwa kazi yake "anajikimu". Anayeweza kupanga maisha yake na kukataa masharti "anajitegemea". Wanaofanya biashara pamoja "wanategemeana". Mkalimani anayeyachanganya maneno haya anaweza kumwahidi mtu kitu ambacho sera haikukusudia, au kumdai kitu ambacho sera haikumpa.

Pili, katika zoezi la uchambuzi wa matini, wawaulize wanafunzi wamtafute mtenda. Kila wanapoona "wanatakiwa", "imeamuliwa" au "mgao umepunguzwa", waandike pembeni: na nani?

Tatu, waifundishe upya methali tuliyoanza nayo. Kitenzi chake ni "mpe". Ni amri, na anayeamriwa ni mwenyeji. Methali haimwambii mgeni ajitegemee wala haimwulizi kwa nini bado amekaa. Inamwambia mwenye nyumba atoe jembe, na mwenye kutoa jembe huonyesha pia shamba, hulima ubavuni mwa mgeni, na jioni hula naye chungu kimoja. Kwa usomaji huu, siku ya tatu si siku ya kuondoa sahani. Ni siku ambayo mgeni na mwenyeji wanaanza kutegemeana. Mwanafunzi atakayeandika hivyo katika mtihani naye apewe alama zake.